Mayai ya Bibi Harusi

Msimamizi wa mradi wa majitaka aliingia uani na kopo la rangi nyekundu, akapiga mstari kuanzia langoni hadi ukuta wa nyuma bila kuinua kichwa. Mstari ulipita chini ya kamba ya kuanikia nguo, ukapita mbele ya banda la kuni, kisha ukakata katikati kabisa ya kipande cha udongo mkavu ambacho Dobi alikuwa amekizungushia matofali.

"Hapo hapana," Dobi alisema. "Hapo pana mayai."

"Ya kuku?"

"Ya kobe."

Msimamizi alimtazama, halafu akamgeukia mume wa Dobi aliyesimama mlangoni na kikombe cha chai, kama anayeuliza iwapo huyu mama ni mzima.

"Ni mzima," mumewe alisema. "Mayai yapo kweli."

Dobi akaomba mstari ukunjwe kidogo, hata kwa upana wa beseni. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa upole kwamba bomba likikunjwa litaziba, na likiziba uchafu utarudi kulekule barabarani, ambako watoto wa mtaa mzima walikuwa wakiumwa matumbo tangu mvua zilipoisha. Dobi alilijua hilo kuliko yeye. Shuka za wodi ya watoto alizifua mwenyewe.

"Katapila litafika baada ya chakula cha mchana," msimamizi akasema. "Kama mnayahamisha, hamisheni sasa."

Jina halisi la Dobi lilikuwa limesahaulika siku nyingi. Alikuwa mfuaji wa nguo za hospitali, na kazi ikalimeza jina, hata watoto wake waliokwisha kuoa na kuolewa walimwita Mama Dobi mbele ya wageni. Yeye na mumewe, ambaye ni mpiga plasta, walipohamia nyumba ile waliwakuta kobe wawili uani. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa amewaacha pamoja na kibali chao cha ofisi ya wanyamapori, kama watu wengine wanavyoacha pazia. Mume akawapa majina. Jike, kwa jinsi alivyotembea kwa kujivuta na kusimama kila hatua kana kwamba anasubiri vigelegele, akaitwa Bibi Harusi. Dume akawa Bwana Harusi, hata kama hakuwa na haraka ya harusi yoyote.

Miaka yote hiyo Bibi Harusi alitaga, na kila mara ama mvua iliyaozesha mayai ama panya waliyafukua. Dobi hakujali sana. Kobe ana umri wa kuwashinda wote, aliwaza, watajaribu tena. Kisha lori lililoleta mchanga wa plasta likarudi nyuma bila dereva kuchungulia, na Bwana Harusi akawa chini ya tairi. Wiki chache baadaye jike akachimba shimo lake, akataga, akafukia, akaondoka. Dobi alikaa pale akiutazama ule udongo. Huenda yangekuwa mayai ya mwisho yenye uhai ndani yake. Ndipo alipoweka matofali.

Sasa alikimbilia simu. Mtu pekee aliyemfahamu wa kumuuliza alikuwa Mtunza, bwana mmoja wa bustani ya nyoka wanakopelekwa watoto wa shule, aliyewahi kuja kumtibu Bwana Harusi kucha.

"Sikiliza vizuri," Mtunza alisema. "Yai la kuku ukiligeuza unalisaidia. La kobe ukiligeuza unaliua. Kitoto kimeshajishikiza upande wa juu. Tia alama ya penseli juu ya kila yai kabla hujaligusa, halafu linyanyue vilevile lilivyolala."

"Halafu?"

"Halafu uwe na pa kuyaweka. Joto, unyevu, utulivu. Una chombo?"

"Nitatafuta."

"Basi tafuta leo, mama. Siyo kesho."

Walichimba kwa kijiko cha chai na vidole. Mume alishika beseni lenye mchanga wenye unyevu, Dobi akalala kifudifudi, penseli mdomoni. Yai la kwanza lilitokeza, jeupe, gumu, la mviringo kama mpira mdogo. Akatia alama, akalinyanyua, akahisi mapigo ya moyo wake kwenye ncha za vidole. Katapila lilianza kusikika mbali, kisha karibu, kisha vikombe kabatini vikaanza kugongana. Yai la tano lilikuwa limekwama chini ya jiwe. Aliposogeza jiwe, yai likabingirika nusu mzunguko kabla hajalidaka.

Wote wawili wakaganda.

"Lilikuwa limelalaje?" mume akauliza.

"Sijui." Alitaka kulia. "Sijui, baba watoto, sikuwahi kulitia alama."

"Liweke tu. Mungu analijua."

Yakatoka saba. Dobi alipokuwa akiingia ndani na beseni, akitembea kama mtu aliyebeba uji wa moto uliojaa hadi ukingoni, meno ya katapila yalikuwa yamekwisha kuyapiga kumbo matofali yake.

Mume, kwa nia njema, alikuwa ameshampigia simu kaka yake Dobi.

Hapa lazima ieleweke kaka huyo alikuwa nani. Mtaani alijulikana kama Bwana Vifaranga, maana aliuza vifaranga na vyombo vya ufugaji katika duka lenye mlio na harufu yake. Lakini kwa Dobi alikuwa zaidi ya kaka. Wazazi wao walikufa Dobi akiwa bado anatoka makamasi, na kaka ndiye aliyeacha shule akabeba mizigo sokoni ili mdogo wake asome, avae, asidharauliwe. Siku ya ndoa yake, aliyesimama mahali pa baba alikuwa yeye. Katika maisha yake yote Dobi hakuwahi kumwambia hapana.

Bwana Vifaranga aliingia akiwa amekumbatia mashine ya kutotoleshea, mpya, nyeupe, yenye kioo na tarakimu nyekundu zinazowaka.

"Mdogo wangu, lia machozi ya furaha," alisema. "Hii inatotolesha hata jiwe. Nimeitoa dirishani dukani, wateja wakiniuliza nitasema iko kwa daktari."

Akaichomeka kwenye umeme. Feni ikaanza kuvuma. Trei ya ndani ikainama upande mmoja, ikatulia, ikaanza kurudi.

"Inafanya nini?" Dobi akauliza.

"Inageuza mayai. Yenyewe! Wewe unalala, yenyewe inageuza."

"Kaka, haya hayageuzwi."

Akamweleza maneno ya Mtunza. Bwana Vifaranga alisikiliza huku ameinamisha kichwa, kisha akafungua kifuniko cha nyuma, akachomoa waya wa mota. Trei ikafa. "Tatizo limekwisha," alisema. Joto la kuku nalo lilikuwa kali mno, akalishusha. Mashine, ambayo ilizaliwa kwa ajili ya kuku tu, ikaona joto limepungua mno, ikaanza kulia pii, pii, pii. Akabandika karatasi ya gundi kwenye kidude cha mlio. "Imekwisha pia."

Dobi alisimama na beseni mikononi. Kitu ndani yake kilikataa. Ile feni hakuipenda. Alifanya kazi katikati ya mashine za kukaushia nguo, na alijua upepo wa moto unavyonywa maji ya kitambaa. Lakini uso wa kaka yake ulikuwa ule ule aliouona zamani, siku aliyomletea viatu vya kwanza vya shule vikiwa vikubwa kwa vidole viwili. Siku ile alisema vinamtosha.

"Asante, kaka," alisema, akaanza kuyapanga mayai ndani.

Zilifuata siku za roho juu. Kazini alipokuwa akipakia shuka alisikia pii pii isiyokuwepo. Nyumbani aliweka bakuli la maji ndani ya mashine, feni ikalikausha. Akaweka vitambaa vilivyoloweshwa, vikakauka kama mkate wa juzi. Mtunza alikuwa amemfundisha kumulika: unazima taa, unaweka tochi ubavuni mwa yai bila kuligusa, unatazama. Ndani aliona wekundu hafifu na mishipa myembamba kama nyuzi za kudarizi. Aliona pia nafasi tupu juu ya yai, ile ya hewa, na kila alipomulika ilikuwa imepanuka. Mayai yalikuwa yakipungukiwa maji mbele ya macho yake.

Siku moja akaona ufa mwembamba kwenye yai lililokuwa karibu kabisa na feni. Lilipomulikwa, mishipa haikuwepo tena.

"Nampigia kaka," mumewe alisema.

"Usimpigie."

"Sasa utafanya nini?"

"Sijui. Ila usimpigie."

Alipotoka kazini alipitia duka la samaki wa mapambo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Muuzaji, dada mmoja mwenye miwani mizito, alimsikiliza bila kucheka, na kwa hilo tu Dobi alimpenda. Akamtolea vitu mezani kimoja baada ya kingine. Balbu ya joto: inapasha haraka lakini inakausha, na siku ikiungua hakuna anayekuambia. Mkeka wa umeme: mzuri, ila unapasha upande ulioegemea tu, na upande wa pili unabaki baridi. Hita ya kuzamishwa kwenye maji, ile ya matangi ya samaki.

"Hii ina faida moja," dada yule alisema. "Unapasha maji, maji yanapasha hewa. Umeme ukikatika maji hayapoi upesi. Na unyevu unaupata bure."

Alimwelekeza atafute boksi la povu gumu, yale wanayowekea samaki barafu, lenye kuta nene. Chini maji na hita, juu ya maji matofali, juu ya matofali kopo la chakula lenye udongo mwepesi wa vitalu vya miche, umeloweshwa kiasi kwamba ukiukamua hautoi tone. Kifuniko kikae mteremko ili jasho litiririke pembeni lisiyadondokee mayai.

"Na hii usiiache," akaongeza, akisukuma mbele kidhibiti joto chenye waya mrefu. "Kitufe cha hita kinasema uongo. Hiki kinaizima hita joto likifika, kinaiwasha likishuka. Na kipimajoto cha pembeni, ili umchunguze hata mchunguzi."

"Niweke joto gani?"

"Hilo muulize mwenye nyoka."

Mtunza, kwenye simu, alijibu kwa swali. "Unataka nini, mama? Majike au madume?"

Dobi akadhani anataniwa.

"Sitanii. Kwa kobe joto ndilo linaloamua. Ukiyapa moto zaidi yanaelekea kuwa majike, na yanatoka mapema. Ukiyaweka chini kidogo, nyuzi ishirini na tisa hivi, yanaelekea kuwa madume, lakini utangoja sana, na kungoja kuna hatari zake."

Kupitia dirishani Dobi alimwona Bibi Harusi akiuzunguka mtaro uliofukiwa, peke yake. "Madume," alisema. "Hata mmoja."

"Basi ishirini na tisa. Na sikiliza: usiyaingize leo. Washa boksi tupu kwanza, lilale hivyohivyo, ulione linavyofanya kazi. Kushuka kidogo mayai huvumilia. Kupanda ndiko kunakoua."

Hapo ndipo Dobi alipopata mtihani. Boksi lilikuwa tayari mezani, maji yakipata joto vizuri, kidhibiti kikionyesha namba aliyoitaka. Hatua tatu tu pembeni, mayai yalikuwa yakipigwa na upepo mkavu, na sasa yai la pili lilikuwa limeanza kutoa ufa. Kila saa ilikuwa hasara.

"Yahamishe," mumewe alisema. "Boksi linafanya kazi, si unaona?"

"Kasema tungoje."

"Kasema akiwa kwake. Hayaoni haya."

Alinyoosha mkono mara mbili kufungua mashine ya kaka yake, na mara mbili akaurudisha. Mwisho akakalia mikono yake, kwa kweli kabisa, akaikalia kama mtoto anayekatazwa kugusa keki, akalala kwenye kiti.

Aliposhtuka kulikuwa kumekucha na chumba kimejaa mvuke. Kipimajoto cha pembeni kilikuwa kimepita arobaini. Kidhibiti bado kilionyesha ishirini na tisa, kimetulia, kinadanganya bila haya, na hita ilikuwa inawaka moja kwa moja. Aliingiza kidole majini akakitoa haraka.

Mumewe alisimama nyuma yake. Alikitazama kidhibiti, akakitazama kipimajoto. Kisha akasema, "Tungekuwa na mayai ya kuchemsha."

Dobi alicheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, akabaki hajui afute nini, machozi au mvuke.

Dada wa duka la samaki aliona haya kuliko yeye. Alimbadilishia kidhibiti, akakijaribu mbele yake kwenye tangi la samaki kabla ya kumkabidhi. Boksi likajaribiwa upya, safari hii likatulia palepale, mchana na usiku. Lakini gharama ya kungoja ililipwa: lile yai la pili lilikuwa limekufa. Yakaingia boksini matano, alama za penseli zikitazama juu, na lile lisilojulikana juu wala chini, moja kati ya hayo matano, likawa pembeni.

Alifunika mashine ya kaka yake kwa shuka safi. Alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia. Alitafuta siku nyingi mno, maana Bwana Vifaranga alifika mwenyewe bila kuitwa, akiwa na mfuko wa machungwa, akitaka kuwaona watoto wake wa mayaini.

Akaiona shuka. Akaifunua. Akaona waya umekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Kisha akaliona boksi la samaki.

"Hili nini?"

"Kaka, nilitaka kukuambia."

"Nimekuuliza, hili nini?"

"Mayai yalikuwa yanakauka. Feni ilikuwa inayakausha. Mawili yalikufa."

"Yalikufa kwenye mashine yangu."

"Sikusema hivyo."

"Ndivyo ulivyosema!" Sauti yake haikupanda, ilishuka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Miaka yote hii natotolesha. Watu wanatoka mbali kuja kuniuliza. Dada yangu mwenyewe anakwenda kuuliza wauza samaki, ananikunjia waya kama maiti anayekunjwa mikono. Kama hukuitaka, kwa nini hukusema siku ile ile?"

"Kwa sababu ni wewe."

"Kwa sababu ni mimi!"

"Ndiyo, kwa sababu ni wewe! Nikwambieje hapana? Tangu lini mimi nimekwambia hapana? Nimeyaacha mayai yafe kwa sababu sikuweza kukwambia hapana!"

Mumewe, jikoni, aliacha kuosha sufuria.

Bwana Vifaranga alibeba mashine yake. Mlangoni alisimama kana kwamba kuna neno, lakini lilikuwa ni kusawazisha mzigo tu begani. Machungwa aliyaacha mezani. Hakuna aliyeyala, yalikaa pale hadi yakaanza kunywea.

Miezi ikapita bila kaka. Jumapili hakuja. Alipopigiwa simu alikuwa na wateja. Dobi alipita mbele ya duka lake akitoka kazini, akaona mgongo wake ukiinamia katoni la vifaranga, akaendelea na safari. Yai lisilojulikana lilibadilika rangi, likaanza kunuka, likatolewa. Yakabaki manne. Ndani ya haya manne mishipa ilikuwa imekuwa kivuli, na kivuli kimekuwa kitu kinachojongea kikimulikwa. Majira ya baridi yakaingia. Sakafu asubuhi ilikuwa inachoma nyayo kwa ubaridi, na watu waliongea huku wametia mikono kwapani.

Ndipo transfoma ya mtaa ilipolipuka. Mshindo mmoja, moshi, na mafundi wa umeme wakaja, wakatazama juu, wakaondoka kutafuta kingine. Mtaa ulilala giza, ukaamka giza. Dobi alikuwa zamu; hospitali haina siku ya kutofua. Aliondoka akiwa amelifunika boksi kwa mablanketi yote ya nyumba, akamwachia mumewe agizo moja: atazame kipimajoto asitoke.

Mume akatazama. Ishirini na sita. Ishirini na nne. Alipoona ishirini na mbili, akawasha jiko la mkaa, akabandika birika. Maji yalipotokota akalitwaa, akaja nalo mezani, akafunua blanketi, akainua mkono kumimina. Kisha akaogopa. Alikuwa mpiga plasta. Mchanganyiko wa saruji ukiukosea unaurudia, lakini hiki hakirudiwi. Akaliweka birika chini. Akatafakari kidogo, akachukua simu, akampigia shemeji yake. Hakumwambia Dobi.

"Shemeji," alisema, "umeme hamna, yanapoa. Nina maji yanayochemka hapa."

Upande wa pili kulisikika mlio wa vifaranga.

"Usimimine," Bwana Vifaranga alisema. "Usiguse kitu. Nakuja."

Dobi aliporudi jioni alikuta pikipiki ya kaka yake nje. Aliingia taratibu. Boksi lilikuwa limezungushiwa taulo, na kaka yake alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, miwani puani, uso karibu kabisa na kipimajoto. Kando yake kulikuwa na chupa tupu za plastiki na birika. Alizijaza chupa maji, akayajaribu kwenye kifundo cha mkono kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, akazizamisha pembeni ya boksi moja moja, akizibadilisha zilipopoa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Hakugeuka. "Kwa kuku ningejua. Hawa nimewafikisha ishirini na saba nikaogopa kuendelea. Mwisho wao ni wapi?"

Ilimchukua Dobi muda kuelewa kwamba anaulizwa.

"Ishirini na tisa."

"Wasizidi?"

"Wasizidi. Kupanda ndiko kunakoua."

"Basi tutakwenda polepole." Akajaza chupa nyingine, akampa aijaribu. Dobi akaweka kifundo chake. Akatikisa kichwa: bado ya moto. Kaka akaongeza maji baridi, akampa tena.

"Sikuja kwa ajili yako," alisema baada ya muda. "Nimekuja kwa ajili ya mayai."

"Najua."

"Na ile habari ya feni. Nimeijaribu dukani, nimeweka bakuli la maji ndani. Imelinywa." Akajikohoza. "Kuku hawalalamiki, lakini imelinywa."

Dobi alivuta kigoda, akakaa upande wa pili wa boksi. Walibadilishana chupa hivyo, mume akileta maji ya moto na kurudi, hadi mafundi walipofunga transfoma nyingine na hita ikatoa mlio wake mdogo wa kuanza kazi.

Kuanguliwa kwenyewe hakukuwa kama Dobi alivyodhani. Hakukuwa na kupasuka na kutoka. Yai la kwanza lilitoboka tundu dogo kama la sindano, kisha pakawa kimya kutwa nzima. Bwana Vifaranga alikuwa ameacha duka mikononi mwa mkewe. Alizunguka meza kama mume aliye nje ya wodi ya wazazi.

"Amekwama," alisema. "Kifaranga akikawia hivi mimi namsaidia. Nabandua kidogo tu."

"Mtunza amesema tusiguse. Bado ananyonya kiini. Ukimtoa sasa atavuja damu."

"Kidogo tu. Kwa ukucha."

"Kaka. Hapana."

Lilitoka kirahisi, neno lenyewe, hata yeye akashangaa. Bwana Vifaranga alimtazama juu ya miwani. Kisha akaweka mikono yake nyuma ya mgongo, akaishikanisha huko, na hakuitoa tena.

Tundu likawa ufa. Ukaonekana mdomo mdogo wenye ncha, ukapumzika. Wakati mmoja kitoto kikaacha kabisa kujongea, kwa muda mrefu hivi kwamba mume alikwenda nje asione. Dobi alimpigia Mtunza na kumwambia kimekufa. Mtunza akamwambia amulike jicho. Akamulika. Jicho, jeusi kama mbegu ya papai, likafumba kwa hasira.

Kikatoka kesho yake, kikiburuta ganda mgongoni, na kabla hakijamaliza kujinyoosha lile la pili likatoboka. La tatu na la nne yalifuata mwisho wa wiki. Wanne, kila mmoja mdogo kama kizibo cha chupa ya maji, mgongo laini wenye mabaka ya njano na nyeusi. Bwana Vifaranga alimweka mmoja kiganjani, akatazamana naye ana kwa ana.

"Huyu hana shukrani," alisema. "Kifaranga ungekuta anakulilia."

Mtunza alikuja kuwaona na kuwaandikisha ofisini kwake. Kuhusu dume na jike, alisema wasimuulize leo wala mwaka ujao. Itachukua miaka kujulikana, na joto ni maombi, siyo mkataba. Aliwaonyesha namna ya kuwaogesha na majani ya kuwapa.

Dobi alirudi kazini akiwa na macho mekundu na mwendo wa mtu aliyechoka hadi kwenye mifupa. Msimamizi wa zamu, mwanamke mwenye sauti kubwa, alimkuta ameegemea mashine ya kukaushia, amesinzia amesimama.

"Dobi! Umepatwa na nini wewe?"

"Nimejifungua," Dobi alisema bila kufumbua macho. "Wanne."

Chumba kizima cha kufulia kikaangua kicheko. Mmoja akapiga kigelegele, mwingine akauliza baba yao yuko wapi, na Dobi akaokota kikapu cha shuka chafu za wodi ya watoto, akaanza kuzipakia.